Shilingi 3,000: TANU ilivyodai uhuru kwa kadi, stensili na kura tatu

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu wa historia, na ninyi mnaotembeza wageni mjini, habari za asubuhi. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere na uhuru uliopatikana bila kumwaga damu. Wasifu wake mnaufundisha kila mwaka, kwa hiyo nitaupitia mbiombio. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, baba yake akiwa mtemi wa Wazanaki. Akasoma Mwisenge pale Musoma, kisha Tabora, kisha Makerere. Akafundisha St. Mary's, Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na shahada. Mwaka 1953 alikuwa mwalimu Pugu, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kutoka hapa mjini Dar es Salaam, na mwezi Aprili mwaka huohuo akachaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika kilichotangulia TANU. Hapo nasimama, maana kuanzia hapo ndipo sisi wenyewe tunapoharibu somo.

Tunaliharibuje? Tunawaambia watoto kwamba uhuru wetu ulikuja kwa amani kwa sababu Mwalimu alikuwa mpole na Watanganyika ni watu wa amani. Mtoto anaandika hivyo kwenye mtihani, anapata alama zake, na hajajifunza kitu. Upole hauwezi kuendesha chama chenye matawi nchi nzima mbele ya serikali yenye polisi, magereza na sheria ya kufuta tawi lolote. Ile ilikuwa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya makaratasi: kadi ya uanachama, hati ya kuandikisha tawi, kibali cha mkutano, stensili, risiti ya faini, karatasi ya kura. Leo nataka tuzungumzie hizo karatasi, na pale zilipowaponza wenyewe waliozishika.

Tuanze na uwanja, kwa kuwa uko hatua chache tu kutoka vituo vyenu vya daladala. Mnazi Mmoja haukuachwa wazi ili watu wapunge upepo. Wakoloni waliugawa mji huu kwa kanda: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha ukanda mtupu wa kuzitenga sehemu mbili. Ndio Mnazi Mmoja huo. Sasa angalieni ramani: ofisi ya TAA, ambayo tarehe 7 Julai 1954 wajumbe 17 waliigeuza kuwa ofisi ya TANU, ilikuwa New Street, yaani Mtaa wa Lumumba wa leo, ukingoni kabisa mwa ukanda huo upande wa Kariakoo. Ukivuka uwanja unakutana na barabara inayoitwa leo Bibi Titi Mohamed. Mahali palipoachwa ili watu wasikutane ndipo walipokutania. Waongoza wageni, hilo mwonyesheni mgeni kwa kidole, asimame katikati ya uwanja ageuke pande zote mbili. Linaingia kichwani kuliko tarehe kumi.

Kwa nini njia ya karatasi na si ya bunduki? Sababu ya kwanza ilikuwa kumbukumbu. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilikuwa na umri wa miaka chini ya hamsini TANU ilipozaliwa. Kusini walikuwapo wazee walioona kwa macho yao njaa iliyofuata, Wajerumani walipochoma vyakula shambani na ghalani. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu kwa hesabu ya chini kabisa. Sababu ya pili ilikuwa jirani yetu: Kenya ilitangaziwa hali ya hatari Oktoba 1952, na kila gavana wa Afrika Mashariki akawa anamtazama kila Mwafrika mwenye chama kama Mau Mau mtarajiwa. Chama ambacho kingetoa kisingizio kidogo tu kingefutwa siku hiyohiyo.

Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa na manufaa ya kazi, na ndiyo tunayoifundisha kwa haraka mno. Tanganyika haikuwa koloni kamili. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, Mwingereza akiwa mwangalizi aliyepaswa kutoa hesabu New York. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kukagua kila baada ya miaka mitatu: 1948, 1951, 1954, 1957, 1960. Na mwananchi wa kawaida alikuwa na haki ya kuandika malalamiko yakasomwa kule. Wakenya hawakuwa na mlango huo. Sisi tulikuwa nao, lakini mlango wenye haki na mlango unaofunguka si kitu kimoja, lazima mtu ajifunze kitasa chake.

Waliokijaribu kitasa mapema kabla ya TANU ni Wameru. Mwezi Novemba 1951 serikali iliwaondoa watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wafuge. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakurusha mshale. Walichangishana, wakamwajiri wakili Earle Seaton, wakampeleka kijana wao Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952. Baraza Kuu lilipopiga kura, azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili zilizohitajika. Walishindwa, na ardhi haikurudi wakati ule. Lakini Japhet aliporudi alizunguka kusimulia jinsi mambo yalivyokwenda, na waliokuwa TAA wakasikia kitu cha thamani: kwamba serikali ya Dar es Salaam ilitoka jasho kujibu maswali ya wageni. Lililokosewa pia lilionekana. Kesi ya kabila moja juu ya shamba moja inajibiwa kwa hoja ya shamba moja. Ili swali liwe la nchi, anayeuliza lazima awe chama cha nchi.

Ndiyo maana TANU ilianza na matawi, na hapo ndipo sheria ilipowakaba. Mwaka uleule wa 1954 ilitoka sheria ya vyama iliyotaka kila tawi liandikishwe peke yake. Eleweni mtego wake. Makao makuu yakiwa halali, tawi la Kilosa au Newala lisiloandikishwa ni kosa la jinai, na anayekusanya ada humo anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo kabla ya mkutano wa kwanza lazima pawepo majina ya viongozi wa tawi, maombi yapelekwe, jibu lisubiriwe. Jimbo la Ziwa, kwenye pamba na vyama vya ushirika vyenye nguvu, TANU ilikataliwa kuandikisha matawi tangu 1954 hadi 1958. Miaka minne! Na kwingineko tawi lililokwisha kuandikishwa lilifungwa mara tu msemaji mmoja alipoteleza ulimi.

Mikutanoni walikuwapo askari kanzu wenye daftari. Kila mtu aliwajua, wakati mwingine waliwekewa na kiti. Mzungumzaji wa TANU alipaswa kusema kwa namna ambayo umati unawaka na daftari la askari linabaki halina kitu cha kupeleka mahakamani. Huo ni ufundi mgumu. Mwalimu mwenyewe aliponyoka nao mara nyingi, lakini mwaka 1957 alizuiwa kuhutubia hadharani kwa muda. Wengi wa chini yake hawakuwa na ufundi huo, na hasira ya kweli juu ya kodi au matuta ya lazima ilipopanda jukwaani, tawi lilikwenda na maji. Vijana wa chama walipewa kazi ya kulinda mikutano isigeuke fujo. Mwenye kuona vijana wale kama pambo la gwaride hajaelewa: walikuwa bima ya usajili wa tawi.

Sasa kadi. Namba 1 ilikuwa ya Nyerere. Namba 16 ilikuwa ya Bibi Titi Mohamed, na namba 15 ya mumewe. Serikali ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake wasijiunge na vyama vya siasa. Karani, tarishi, mwalimu wa serikali, hao ndio Waafrika waliojua kusoma na waliokuwa na mshahara wa kila mwezi, na wote walikuwa wamefungwa mikono. Chama cha wasomi kilikatazwa wasomi wake. Ikabidi kitafute watu ambao serikali haikuwaajiri, na mjini hapa wasioajiriwa wenye fedha yao mkononi walikuwa wanawake: mama wa maandazi, mama wa vitumbua, mpika pombe, mwenye vyumba vya kupangisha.

Juni 1955 mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza tawi la wanawake liko wapi. Halikuwapo. Akatafutwa Bibi Titi, mwimbaji wa ngoma aliyejulikana mjini. Namna alivyofanya kazi ni somo tosha kwa mtu yeyote anayetaka kuanzisha kitu Dar es Salaam hata leo. Hakuanza kubisha mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya lelemama na ngoma nyingine, ambavyo tayari vilikuwa na mwenyekiti, mtunza hazina, sare, siku ya kukutana na mtindo wa kuchanga. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kimekuja. Katika miezi michache waliandikishwa wanawake zaidi ya 5,000. Mume aliyeajiriwa serikalini hakuwa na kadi, mkewe alikuwa nayo, na habari za mkutano zilifika nyumbani vilevile. Wanahistoria wetu wa kwanza walimweka Bibi Titi kwenye sentensi moja ya mwisho, baada ya “na wengineo”. Kwa maoni yangu, bila vikundi vile TANU ya Dar es Salaam ingebaki klabu ya jioni.

Machi 1955 Mwalimu alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York. Ujumbe wa mwaka uliotangulia ulikuwa umependekeza Tanganyika ipate kujitawala katika miaka 20 hadi 25. Someni alichoomba, maana wanafunzi hudhani aliomba uhuru palepale. Hakuomba. Aliomba itamkwe kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza, na kwamba wawakilishi wachaguliwe kwa kura badala ya kuteuliwa. Maombi madogo, tena yenye adabu, na kwa sababu hiyo yalikuwa magumu kuyakataa bila kuonekana mkorofi. Aliporudi ikabidi achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi Pugu, akabaki bila mshahara, na baadaye wakahamia Magomeni, kwenye ile nyumba ya Mtaa wa Ifunda ambayo leo ni makumbusho.

Nije kwenye stensili. Chama kilikuwa na jarida dogo, Sauti ya TANU, lililopigwa taipu na kurudufiwa. Vijana wengi hapa hamjaona mashine ya kurudufu, basi niieleze. Karatasi ya stensili imepakwa nta. Unatoa utepe kwenye taipu au unauzima, ili herufi tupu za chuma zipige nta na kuitoboa. Kisha stensili inavishwa kwenye pipa lenye wino ndani, unazungusha mkono, wino unapenya kwenye matundu na kila karatasi inayopita inatoka na maandishi. Ukikosea herufi huifuti kwa mpira, unaziba tundu kwa dawa yake, unasubiri ikauke, unapiga tena. Ni rahisi, haihitaji kiwanda cha uchapaji wala leseni ya mtu mkubwa, na kwa stensili moja unapata mamia ya nakala. Ubaya wake ni kwamba kila nakala ni ushahidi. Hotuba unaweza kuikana, ukasema askari kanzu alisikia vibaya. Stensili huikani.

Mei 1958 Mwalimu aliandika humo akiwatuhumu maofisa wawili wa wilaya wa Kiingereza. Ulikuwa mwaka mbaya kule Ziwa. Geita serikali ilikuwa imelazimisha baraza la mseto wa rangi, na watu walikataa, wakaandamana kwa miguu hadi Mwanza. Akashtakiwa kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa hapa Dar es Salaam mwezi Julai na Agosti. Kutoka London alikuja wakili D. N. Pritt, yuleyule aliyemtetea Jomo Kenyatta Kapenguria, akasaidiwa na mawakili wa hapahapa mjini, Mahmud Rattansi na K. L. Jhaveri. Hukumu ilitoka Agosti 1958: ana hatia, faini shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita.

Hapa simameni kidogo na wanafunzi wenu. Muwaulize: angelipa au angeingia ndani?

Gandhi angeingia. Machi 1930 alitembea siku 24 kutoka Sabarmati hadi Dandi, kilomita zipatazo 385, akaokota chumvi ili avunje sheria mchana kweupe, na watu zaidi ya 60,000 wakafungwa baada yake. Jela zikijaa, serikali ndiyo inayoaibika. Ile ilikuwa njia yake na ilifaa India, yenye watu mamia ya milioni na magazeti kila mji. Kenyatta naye alikuwa kifungoni wakati huohuo, na kila mwezi wa kifungo ulimkuza. Wapo waliotamani Mwalimu awe mfungwa wetu.

Alilipa. Ukitazama kalenda utaona kwa nini: uchaguzi wa kwanza ulikuwa Septemba, wiki chache tu mbele, naye alikuwa mgombea wa Jimbo la Mashariki. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa ndio kwanza amefika kuchukua nafasi ya Twining, bado anapima upepo. Kiongozi akiwa ndani, nani angewazuia watu barabarani? Damu ikimwagika Agosti, hakuna kura Septemba. Wengine husema kulipa ile faini kulikuwa woga kidogo. Mimi naona ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika historia ya chama kile.

Na ipo sadfa moja ya tarakimu ambayo siwezi kuiacha. Shilingi 3,000 za wakati ule ni pauni 150. Pauni 150 kwa mwaka ndicho kilikuwa kipato cha chini cha mtu aliyetaka kupiga kura mwaka huohuo.

Ndipo tunaingia kwenye kura tatu, ambayo vitabu huipa aya moja. Mimi nitaipa muda.

Hesabu ilikuwa hivi. Sensa ya 1957 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni 8.6, Waasia na Waarabu wasiofika 100,000, na Wazungu takriban 20,000. Katika Baraza la Kutunga Sheria, upande usio wa serikali, viti vilikuwa 30: kumi Waafrika, kumi Waasia, kumi Wazungu. Waliita usawa. Gawanyeni wenyewe: kiti kimoja kwa Wazungu 2,000, kiti kimoja kwa Waafrika 860,000. Kisha wakaja na uchaguzi. Majimbo kumi, kila jimbo viti vitatu, kimoja kwa kila rangi. Mpiga kura, wa rangi yoyote, alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Akiweka alama kwa mmoja au wawili tu, kura yake imeharibika yote. Na ili aandikishwe alihitaji kuwa na umri wa miaka 21 na kutimiza sharti moja kati ya matatu: kipato hicho cha pauni 150, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Walioandikishwa nchi nzima walikuwa takriban 60,000.

Matusi haya yalikuwa wazi, na Januari 1958 wajumbe wa TANU walikwenda mkutano wa Tabora wakiwa wamekasirika, wengi wakitaka kususia. Hoja yao haikuwa ya kijinga, wala msiwafundishe watoto kwamba ilikuwa. Ukishiriki umekubali kwamba Mzungu mmoja ni sawa na Waafrika mia nne na zaidi. Umekubali kwamba mama wa vitumbua mwenye kadi si mtu mbele ya sanduku. Utarudi vipi kwake kuomba ada?

Mwalimu alijibu kwa mfano ambao bado unasimuliwa: mtu amevaa kanzu nyeupe, shamba lake limeiva, njiani pana tope. Asipopita topeni kanzu inabaki safi na mazao yanavunwa na mwingine. Mwingine huyo alikuwa na jina, UTP, yaani United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana. TANU ikisusa, viti vyote 30 vinakwenda kwa UTP na wenzao, halafu London inaambiwa hao ndio wawakilishi waliochaguliwa.

Lakini mfano wa kanzu unaficha hesabu iliyokuwa chini yake, nayo ndiyo tamu. Sharti la kura tatu liliwekwa ili Mwafrika anayechaguliwa awe yule anayewapendeza Wazungu na Waasia. Ila kisu kile kilikata pande mbili. Katika majimbo mengi, hata ndani ya daftari lile dogo, Waafrika ndio waliokuwa wengi, na kila mmoja wao alilazimishwa na sheria kumchagua pia Mzungu na Mwasia. Kwa hiyo aliyekuwa na kura za Waafrika alikuwa na ufunguo wa viti vyote vitatu. Kilichobaki ni kuwapata Wazungu na Waasia wa kuungwa mkono. Hawakuweza kuwa wanachama, kwa kuwa TANU ilikuwa ya Waafrika tu hadi baada ya uhuru. Waliungwa mkono kutoka nje: Derek Bryceson na Sophia Mustafa kule Kaskazini, Lady Chesham Nyanda za Juu Kusini, Amir Jamal Jimbo la Mashariki.

Uamuzi wa kushiriki ulipita, ukaitwa wa busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake, African National Congress (ANC). Chama kikapasuka kidogo, na wapo waliobaki wakinung'unika.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya tawi, nayo ni ya kuchosha: kutafuta mtaani mwenye darasa la nane, kumshawishi aende kuandikishwa, kumfundisha majina matatu, kurudia kwamba alama mbili ni sifuri. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, majimbo matano Septemba 1958 na matano Februari 1959. UTP haikupata kitu. Waliochaguliwa karibu wote walikuwa wa TANU au walioungwa mkono nayo. Oktoba 1958, katikati ya awamu hizo mbili, Turnbull alitamka barazani kwamba Waafrika ndio watakaokuwa wengi katika serikali ijayo. Karata ya mseto ilikuwa imekwisha.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, 58 kati yake bila kupingwa. Tarehe 27 hadi 29 Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika hapahapa mjini, ukumbi wa Karimjee, si London. Siku tatu tu, Waziri wa Makoloni Iain Macleod akiwa amekuja mwenyewe. Madaraka tarehe 1 Mei, uhuru 9 Desemba 1961. Tusijipe sifa zote. Uingereza ilikwisha choka na gharama za vita Kenya, na London kwenyewe upepo ulikuwa umebadilika. TANU ilichofanya ni kuhakikisha upepo ulipobadilika hapakuwa na mtu mwingine wa kukabidhiwa funguo.

Juu ya urithi nitasema machache, tena mengine si matamu. Mwalimu hakuwa mtu wa amani kwa gharama yoyote. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, kiliundwa mjini hapa Juni 1962, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia 1963. Msimamo wake, na Ilani ya Lusaka ya 1969 inausema wazi, ni kwamba mazungumzo yanatangulia, lakini aliyefungiwa kila mlango halaumiwi akivunja. Kwetu mlango wa New York ulikuwapo, kwa Wareno haukuwapo. Kwa hiyo anayemfananisha na Gandhi moja kwa moja anapotosha wote wawili.

Halafu pana nyumbani. Mwaka 1962, uhuru haujatimiza hata mwaka, ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Chama kilichojua uchungu wa tawi kufungwa kwa hati ya serikali kilifanya nchi kuwa ya chama kimoja mwaka 1965. Bibi Titi, kadi namba 16, alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa kwa msamaha 1972. Mkipita na wageni barabara yenye jina lake, semeni na hilo. Mtoto akiuliza inakuwaje, msimkimbize kwenye mwenge wa Kilimanjaro.

Nimalize na zoezi la darasani. Shule yenye wanafunzi 1,000 inafaa. Wapiga kura 60,000 katika watu karibu milioni 8.8, wadogo kwa wakubwa, ni watu saba katika kila elfu. Kwa hiyo toeni kadi saba tu, mchana, paredi ikiwa imesimama. Wale 993 wakae chini. Kila mwenye kadi apewe karatasi yenye safu tatu, majina mawili kila safu, aambiwe achague mmoja katika kila safu. Msiwakumbushe mara ya pili. Kisha waulizeni wale 993: tuko Januari 1958, uchaguzi ni Septemba, mna miezi minane, hamna kura, mtafanya nini? Andikeni kila jibu ubaoni, hata lile la kuchoma ofisi ya DC, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, na kando yake waandike wenyewe tawi lao litafungwa siku ya ngapi.

Mwishowe fungueni sanduku mbele yao. Katika karatasi saba, mara nyingi moja au mbili zitakuwa na alama pungufu, na mwenye nayo atasimama aombe ihesabiwe hata nusu. Haihesabiwi.